Mbuzi Aliyepanda Mashua ya Wazungu

Madame Verlinde alifunua chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, akachovya kidole, akakilamba, kisha akakichovya tena kidole kile kile. Léocadie alikuwa amesimama penye mlango wa jiko lake, mikono kifuani, akayaona mate ya mzungu yakiingia ndani ya chakula cha watu. Aka! Hata mbwa akilamba chungu hufukuzwa kabla hajalamba mara ya pili.

"Chakula muzuri," Madame akasema, kwa Kiswahili kile cha kuamrishia wapishi, akaingia chumba cha kulala. Huko akainua shuka, akainusa. Akainama kutazama chini ya kitanda. Akafungua sanduku la nguo, akazifukuafukua nguo za ndani za Léocadie kwa ncha ya mwavuli wake. Na Hippolyte, mwenye nyumba, mume wa mtu, alikuwa anamfuata nyuma akicheka. Alikuwa na kicheko alichowawekea Wazungu peke yao, kicheko kinachoanza kabla neno halijaisha.

Sasa mtaniuliza, mzungu anatafuta nini chini ya kitanda cha watu wa Kasongo? Alikuwa anatafuta uchafu. Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, Wazungu wa Kasongo walikuwa na klabu yao ya mashua. Kila Dimanshi, misa ikiisha, waliteremka mtoni Lualaba bwana na bibi, vikapu vya chupa na viti vya kukunja, wakazungukazunguka katika viziwa vya upande wa Luama, wakala, wakalala, wakarudi wekundu. Mweusi alipanda mashua ile kwa kupika au kusukuma tu. Sasa kulikuwa na mkubwa mmoja anakuja toka Bukavu kutazama namna weupe na weusi wanavyopendana, na Bwana Verlinde, prezida wa klabu, akageuka kulia, akageuka kushoto, akaona hana mweusi hata mmoja wa kumwonyesha mgeni. Ndipo akamkumbuka Hippolyte, karani wa ofisi ya teritwari, evolue kamili, yaani mweusi aliyehesabiwa kuwa amestaarabika kizungu, mtu wa miwani na viatu vya kung'aa. Lakini klabu haikupokea mwanaume peke yake, ilitaka bwana na bibi. Na kabla ya bibi kukaa pamoja na mabibi wa kizungu, lazima Madame aje kuhakikisha kwamba hanuki.

Madame alipokwenda zake, Léocadie alibeba chungu kizima, akakimwaga nyuma ya nyumba.

"Unamwaga chakula!" Hippolyte akasema.

"Namwaga mate. Kama unayataka, shika kijiko, yafuate."

"Sheri, usianze." Alikuwa amejifunza kumwita hivyo, sheri, mpenzi kwa Kifaransa, mbele ya watu na hata pasipo watu. "Wametukubali! Dimanshi hii tunapanda pamoja nao, watuangalie namna tunavyokula na kukaa. Tukifaulu, Dimanshi ile ingine tunakaa na mukubwa wa Bukavu. Miye na weye! Nani mweusi wa Kasongo amekwisha kukaa ndani ya mashua ile?"

"Zéphirin mupishi."

"Zéphirin hakai. Anasimama."

"Basi nami sikai wala sisimami. Nenda peke yako."

"Peke yangu hawanitaki! Ukikataa, miye nimekufa."

"Kufa basi. Tutakuzika na miwani yako."

Angeendelea kumtania hivyo, maana ulimi alikuwa nao, lakini kichefuchefu kikampanda, akashika ukuta. Na hapo, akiwa ameinama, akili yake ikafanya kazi.

Léocadie alikuwa na mimba. Ile ya kwanza alizaa mtoto wa kike, akakaa siku chache, akaenda zake. Léocadie alimzaa bila mama wa kumkanda, na mtoto alikwenda bila kushikwa na mkono wa bibi yake hata mara moja. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya mbuzi. Ndiyo, mbuzi!

Kwa watu wa Mama Mwavita, mama yake Léocadie, Wabangubangu wa upande wa Kabambare, mkwe mwanaume na mama wa mke wake hawaonani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Kula mbele yake? Afadhali uvue suruali sokoni. Aibu hiyo inaondolewa na mbuzi jike mmoja, mzima, anayetembea kwa miguu yake. Mkwe anamleta mwenyewe, kwa mkono wake. Hakuna kutuma mtu. Mama mkwe anakuja kinyumenyume, mgongo mbele, mkono ameunyosha nyuma, na mkwe anamtia kamba kiganjani. Hapo mama anageuka, wanaangaliana, wanacheka, na toka siku hiyo anaweza kuingia nyumbani mwa mkwe, kulala humo, kupokea wajukuu. Bila mbuzi, hata mtoto wake alie kwa uchungu ukuta wa pili, mama haruki kizingiti.

Hippolyte alikataa. Evolue anaburura mbuzi njiani kama mutu wa porini? Ushenzi! Wakubwa wakisikia, watasema nini? Kijiji cha Mama Mwavita kilikuwa kwenye ukingo wa viziwa vya Luama, mbali kwa miguu, na njia mbaya, na hiyo nayo ilimpa sababu. Lakini yeye mwenyewe mama yake alikuwa Muzimba, alikulia katika aibu hizo hizo, akazijua kama anavyojua jina lake. Usiache mbachao kwa msala upitao, wazee walisema, na Hippolyte alikuwa amekwisha kuutupa mbachao, anasimama miguu mitupu akingojea msala wa Wazungu upite karibu.

"Nitakwenda," Léocadie akasema, akijifuta mdomo. "Nitakaa na mabibi zako. Nitacheka pale unaponiambia nicheke. Lakini mbuzi anapanda mashua."

"Mbuzi gani?"

"Ya mama yangu. Mashua inapita mbele ya kijiji chake. Utashuka, utamutia kamba mukononi, basi. Safari hii sizai peke yangu, Hippolyte. Nakuapia. Mutoto huyu atapokelewa na mama yangu."

Hippolyte akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Mbuzi ndani ya mashua ya klabu..."

"Ao mbuzi na miye, ao weye peke yako. Chagua."

Akachagua. Akanunua mbuzi jike, mweusi mwenye kipaji cha uso cheupe, na Léocadie akamwosha kwa sabuni kama anaosha mtoto, akamfunga shingoni kipande cha kikwembe, kitenge chake cha ndoa, ili mama yake akipapasa ajue mbuzi huyu ametoka nyumba gani. Akatuma neno kwa wanawake waliokuwa wanarudi Luama: Mama ajitayarishe, Dimanshi mkwe anakuja kuondoa aibu.

Dimanshi ikafika. Hippolyte alivaa kofia nyeupe yenye nanga, aliyopewa na prezida. Alikuwa ameivaa tangu alipopewa, hata akila, na Léocadie alikuwa amechoka kuiona. Pale ukingoni Bwana Verlinde aliwaweka mbele kabisa ya mashua, Hippolyte ameshika usukani, Léocadie ameshika mkono wa Hippolyte, akawapiga picha. "Chekeni!" Wakacheka. Picha ilipokwisha, Bwana Verlinde akauchukua usukani wake, akawaonyesha mahali pao: nyuma, karibu na mashini, kwenye moshi. Mbuzi alikuwa amefungwa huko huko. Basi klabu iliwapokea hivyo, bwana, bibi na mbuzi, kwenye moshi pamoja.

Mashini ikanguruma. Léocadie alifunga mdomo kwa kitambaa, akatazama. Mungu wangu, aliyoyaona! Wazungu walinawa mikono wote ndani ya karai moja, maji yale yale, mpaka yakawa na rangi ya mchuzi. Wakafungua kikapu, na ikatoka harufu ambayo Léocadie alidhani panya amefia humo. Kumbe ndicho chakula chenyewe, fromaji, maziwa yaliyooza mpaka yakaota nywele za kijani. Wakayafurahia. Madame alikuwa na kijibwa kimoja cheupe, macho yanatoka tongotongo, akakipa sahani yake kiilambe. Kikalamba, kikapiga chafya ndani yake. Madame akaipangusa kwa karatasi, akaweka kipande cha fromaji juu, akampa Léocadie kwa mkono wake mwenyewe, akitabasamu.

Ukicheza na mbwa atakufuata msikitini, lakini Madame huyu alikuwa amemkaribisha mezani kabisa.

"Kula, sheri," Hippolyte akanong'ona. "Wanatuangalia."

"Mbwa amepiga chafya humo."

"Ni mbwa ya Madame!"

Na yeye akala. Alikula cha kwake, na macho ya Madame yalipogeuka akala na cha mke wake, akameza kwa haraka kama mtu anayekunywa dawa, kisha akasema kwa Kifaransa kwamba ni kitamu sana. Léocadie alimtazama midomo yake ikimeremeta, akajiuliza kama ndiyo midomo ile ile iliyomposa. Kinyaa alichokuwa nacho kwa fromaji kilikuwa kidogo sana mbele ya hiki alichokipata kwa mume wake.

Mbuzi akalia. Kijibwa kikajibu. Madame akaziba pua, na Bwana Verlinde akaachia usukani kwa mwenzake, akaja nyuma na gilasi yake ya bia.

"Hippolyte," akauliza, "huyu mbuzi ni wa nini?"

Walizungumza Kifaransa, lakini Léocadie alikuwa amesoma kwa masista; hakukosa neno. Akamwona mume wake akifungua mdomo. Sema, akamwomba moyoni. Sema ni wa mama mkwe wako. Watacheka, na kisha? Waache wacheke, kicheko hakiui.

"Mke wangu aliniambia kwamba kule kuna..." Hippolyte akaanza.

"Isije ikawa ni moja ya yale mambo yenu ya uchawi," prezida akasema, na wale wengine wakaanza kucheka hata kabla ya kusikia. "Tunataka watu walioendelea hapa, rafiki yangu!"

Na Hippolyte akacheka pamoja nao. Kicheko kile kile.

"Hapana, Prezida, hapana! Ni zawadi. Zawadi yetu kwa klabu."

Ee! Makofi yakapigwa. Madame akasema lo, watu wazuri namna gani, akamgusa mbuzi kipaji kwa kidole kile kile cha sombe. Prezida akampiga Hippolyte begani na kumwita ndugu, na kofia yenye nanga ikateremka mpaka kwenye miwani.

"Umesema nini?" Léocadie akamwuliza kwa sauti ya chini Wazungu waliporudi mbele. "Weye mwanaume, umesema nini?"

"Acha kelele. Nitanunua ingine kijijini kwenu. Mbuzi ni mbuzi."

"Utanunua mbuzi kwa mama yangu, umupe mama yangu?"

"Léocadie, sikia. Dimanshi ile ingine..."

Hakusikia. Alikuwa ameona ukingo. Mashua ilikuwa imekwisha kuingia kiziwa cha mwisho, na kule juu, nyuma ya migomba, zilionekana nyumba za kwao, na moshi, na wanawake wamevaa vikwembe vya sikukuu. Walikuwa wameona mashua, wakapiga vigelegele. Bwana Verlinde alidhani wanamshangilia yeye, akainua kofia.

Wazungu walishuka kwenye mchanga chini ya kijiji, wakafungua viti na kutandika kitambaa cheupe. Zéphirin mpishi akamshusha mbuzi. Alikuwa mtu mzima, wa Kasongo hapo hapo, na mikono yake ilipokuta kile kipande cha kikwembe shingoni, ikasimama.

"Bwana Hippolyte," akasema kwa sauti ndogo. "Ile mbuzi imefungwa kikwembe. Iko ya watu?"

Léocadie akaenda akaishika kamba. "Iko ya mama yangu. Usimuguse."

Zéphirin akamtazama Hippolyte. Prezida naye, kule kitini, akauliza kuna nini. Wote wakangoja. Hippolyte akainyosha kofia yake, akatazama migomba, akatazama kitambaa cheupe na viti vyake, na kimoja kati ya viti hivyo kilikuwa chake. Walikuwa wamemwekea kweli, safari hii si kwenye moshi.

"Chinja," akasema.

Akamfungua Léocadie vidole, kimoja kimoja, kwa upole, huku anawachekea Wazungu. Léocadie alienda kukaa kwenye mawe na kuyapa maji uso.

Sasa watu wa kule juu hawakujua haya. Kwao mambo yana taratibu: mkwe amefika, amepumzika, moshi umepanda, basi wakati umefika. Wazungu walikuwa katikati ya kula, Hippolyte ameshika paja zima kwa mikono miwili, maana prezida alimwambia achana na uma leo, kula kama kwenu, na mafuta yanamteremka mpaka kwenye viwiko, waliposikia wimbo. Wanawake wakashuka njia ile nyembamba. Na mbele yao, akiongozwa na dada yake, alishuka Mama Mwavita, kinyumenyume, mgongo mbele, anapapasa mawe kwa visigino, mama mzee aliyevaa kikwembe kipya, mkono wake wa kulia ameunyosha nyuma, kiganja wazi.

Wazungu walifurahi mno. "Ni ngoma?" mmoja akauliza, akatafuta mashini ya picha.

Léocadie akatoka mbio kwenye mawe. Lakini kabla hajafika aliona kitu, na hicho ndicho kilichomaliza kila kitu. Hippolyte, evolue, mtu aliyesema ushenzi, ushenzi, alipouona mgongo ule alidondosha paja kwenye mchanga, akanyakua kitambaa cha mezani, akajifunika uso wote. Hakuambiwa na mtu. Akainama, mdomo umejaa nyama, hawezi kutafuna, hawezi kutema.

Kumbe alikuwa anajua. Léocadie alikuwa amemtafutia udhuru miaka yote hiyo: amesoma mno, amesahau, masikini, Wazungu wamemwosha kichwa. Kumbe hakuna alichosahau! Aibu aliijua yote, akaila.

Mama Mwavita akasimama kwenye mchanga. Kiganja kikangoja. Hakuna kamba iliyokuja. Wanawake wakaacha kuimba. Kisha Madame Verlinde, kwa moyo wake mwema, akidhani mama mzee anaomba chakula, akachukua kipande cha ubavu, cha moto, kinachochuruzika, akamtia mkononi.

Vidole vya mama vikakifumba. Mafuta yakapita katikati yake.

"Léocadie," akaita bila kugeuka. "Hii ni nini?"

"Ni mbuzi yako, Mama."

"Nani ameipika?"

"Mukwe wako. Anaikula. Hata sasa iko mudomoni mwake."

Mama Mwavita akainama, mgongo ule ule, akaiweka nyama juu ya jani, taratibu, kama mtu anayeweka maiti ya mtoto. Akasugua kiganja chake kwa mchanga, akasugua tena, akaanza kupanda njia. Léocadie akavua viatu alivyovaa kwa ajili ya klabu, akaviweka juu ya kitambaa cheupe, katikati ya sahani, akamfuata.

"Léocadie!" Hippolyte akalia toka ndani ya kitambaa. "Sheri! Prezida anaangalia!"

Na ni kweli alikuwa anaangalia. "Bibi anakwenda wapi?" akauliza. "Hippolyte, unajua masharti yetu. Bwana na bibi."

Jioni mashua ilirudi Kasongo bila bibi, na Dimanshi iliyofuata mkubwa wa Bukavu alikaa karibu na karani mwingine na mke wake. Kofia yenye nanga iliombwa irudishwe, maana zilikuwa chache.

Mtoto alizaliwa kule kwenye viziwa, mvulana, mzima, na mikono ya kwanza iliyomgusa ilikuwa ya bibi yake. Hippolyte alikuja. Alikuja kwa miguu, njia ile mbaya, vumbi mpaka kwenye miwani, anaburura mbuzi jike mbele ya macho ya watu wote. Mama Mwavita akatoka kinyumenyume, akapokea kamba, hakugeuka. Akaingia nyumbani. Hippolyte akarudi na mbuzi wa pili, akapokelewa hivyo hivyo. Akaleta wa tatu, mkubwa kuwashinda wote, akasimama uani jua kali, akingoja, na machozi yalikuwa yanamtoka, hilo nisimnyime.

Léocadie alikuwa ndani ananyonyesha. "Mama," akasema, "mbuzi watatu sasa. Hata leo hugeuki?"

Mama Mwavita alikuwa anaifunga kamba kwenye mguu wa kitanda. "Mbuzi nimeziona, mwanangu," akasema. "Mutu ndiye bado sijamuona."